Laxton, Kijiji Kinacholima Bila Uzio: Tathmini ya Ziara ya Siku Moja

Kwa msomaji wa Kiswahili anayeishi Uingereza, au anayepita huko kwa masomo au kwa kuwatembelea jamaa, ziara za vijijini mara nyingi huishia palepale: nyumba za mawe zilizozungukwa na maua, duka la chai na keki, kanisa la kale, kisha safari ya kurudi mjini. Laxton, kijiji cha wakulima katika kaunti ya Nottinghamshire, hakikidhi haja ya namna hiyo, na anayetafuta mahali pa kupigia picha afadhali aende kwingine. Ninachokitathmini hapa ni kutembea kwa miguu katika mashamba ya kijiji hicho, kutazama maonyesho ya kituo chake kidogo cha wageni, na kupumzika katika baa yake, Dovecote Inn, ambayo kila mwaka hupokea kikao cha baraza la ardhi lenye mamlaka ya kisheria. Kwa yeyote anayejali jinsi watu wanavyogawana ardhi na kuchungana mipaka, sijaona mahali pengine nchini humo panapostahili nauli kuliko hapa.

Laxton iko kilomita zipatazo 30 kaskazini mashariki mwa jiji la Nottingham, na kama 15 kaskazini magharibi mwa mji wa Newark, kati ya msitu wa Sherwood upande wa magharibi na bonde la mto Trent upande wa mashariki. Ukitoka Sherwood unaacha nyuma udongo wa kichanga, mwepesi na haba wa rutuba, ambao ulichangia sana kuifanya sehemu ile ibaki msitu na mawindo ya wafalme badala ya kulimwa. Ukikaribia Laxton ardhi inaanza kupanda na kushuka taratibu, na rangi ya udongo inageuka kuwa nyekundu. Huo ni mfinyanzi mzito, ambao baada ya mvua hung'ang'ania soli ya kiatu mpaka kila hatua inakuwa ya kuburuta mguu, na jua likiwaka siku kadhaa hupasuka nyufa za kuingia kidole. Ngano inaupenda udongo huo. Mkulima wa zamani, hata hivyo, hakuweza kuulima peke yake: ulihitaji plau nzito iliyovutwa na maksai kadhaa, na kwa kuwa mkulima wa kawaida hakuwa na maksai wa kutosha, ilimlazimu aungane na jirani. Kuligeuza kundi la maksai mwishoni mwa mfereji nako kulikuwa kazi ngumu, kwa hiyo shamba lilikatwa kwa urefu, katika kanda nyembamba ambazo kila moja ilikaribia kazi ya siku moja ya plau. Nauweka udongo mbele kwa sababu mgeni anayeanza na kanisa au ngome, kama vijitabu vya utalii vinavyopenda kumwelekeza, hataelewa kwa nini kijiji kina umbo kilicho nalo.

Umbo lenyewe linaonekana mara tu unapoingia. Katika sehemu kubwa ya Uingereza, nyumba ya mkulima imesimama mbali, katikati ya mashamba yake. Hapa nyumba za wakulima zimejipanga zenyewe kwa zenyewe kando ya barabara ya kijiji, nyingi zikiwa za matofali mekundu na mapaa ya vigae, na kadhaa zimeelekeza ubavu barabarani badala ya mlango, ili ua wa ghala na mazizi upate nafasi ya kunyooka kuelekea nyuma. Nyuma ya kila nyumba kuna kiwanja chembamba na kirefu, kisha mashamba. Sababu ni kwamba mkulima wa Laxton hakuwa na shamba moja la kukaa katikati yake. Alikuwa na kanda kadhaa zilizotawanyika, moja huku na nyingine kule, na mahali panapolingana umbali na zote ni kijijini.

Mashamba makubwa ya wazi yaliyobaki ni matatu: West Field, South Field na Mill Field, hili la mwisho likiwa limechukua jina la kinu cha upepo kilichokuwa juu yake. Mzunguko wake ni wa miaka mitatu. Shamba moja hupandwa ngano ya majira ya baridi, ambayo humwagwa mbegu wakati wa vuli na kuvunwa kiangazi kinachofuata. La pili hupandwa mazao ya majira ya kuchipua, kama vile shayiri au maharagwe. La tatu hupumzishwa. Mwaka ukigeuka, kila shamba husogea hatua moja. Mkulima hana ruhusa ya kuamua peke yake kwamba mwaka huu ukanda wake utapandwa kitu kingine, kwa kuwa zamani, baada ya mavuno, mifugo ya kijiji kizima iliachiwa kula mabua katika shamba zima, na mtu mmoja mwenye zao lililochelewa angewazuia wote. Kutawanya kanda nako kulikuwa na haki yake: hakuna aliyejitwalia mteremko mzuri akamwachia mwenzake bonde linalotuama maji, kwani kila mmoja alikuwa na kipande chake cha kizuri na kipande chake cha kibaya.

Nilikwenda mwezi Juni, na ninaupendekeza mwezi huo kwa sababu ngano bado ni ya kijani na tofauti za kanda zinasomeka. Hakuna uzio, hakuna ua, hakuna hata jiwe kati ya mkulima mmoja na mwingine. Unachokiona ni ngano ya kimo fulani inayokwenda moja kwa moja hadi upeo wa macho, halafu ghafla, katika mstari ulionyooka, ngano fupi kidogo yenye kijani cha kuelekea bluu, ya aina nyingine au iliyowekewa mbolea kwa wakati mwingine, na mbele zaidi ukanda ambao mwenyewe hakunyunyiza dawa kwa ukali, wenye mipopi myekundu imechomoza kati ya masuke. Niliinama kwenye mpaka mmoja nikitafuta alama, nikakuta pengo la ardhi tupu lisilozidi kiganja kwa upana. Upana huo ndio unaotenganisha riziki ya watu wawili, na tangu enzi za kati umelindwa kwa macho ya majirani tu.

Kati ya kanda hizo kuna vipande vya majani ambavyo havijawahi kulimwa, ama kwa sababu mteremko ni mkali, ama kwa sababu mkondo wa maji unapita hapo wakati wa masika. Wenyeji huviita sykes. Nyasi zake hupigwa mnada kila mwaka kwa ajili ya kukatwa na kukaushwa, na kwa kuwa plau haikuvigusa kwa karne nyingi vimehifadhi maua ya mbuga ambayo yametoweka sehemu nyingine za kaunti, kiasi kwamba serikali imevitambua kuwa eneo lenye umuhimu wa kisayansi. Wakulima wanawaomba wageni wasitoke njiani kwenda kukanyagakanyaga humo, na ombi hilo liheshimiwe.

Jambo moja la kujiandalia kabla ya safari ni ramani. Mwaka 1635 mpima ardhi aitwaye Mark Pierce alichora ramani ya Laxton yote, ukanda kwa ukanda, pamoja na jina la anayelima kila mmoja, na kazi hiyo sasa imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Picha zake zimechapishwa mara nyingi. Mimi nilikuwa nayo kwenye simu, na nikawa ninasimama kila baada ya hatua kadhaa kulinganisha. Ukiitazama kwa mbali ramani ile inafanana na mkeka, kwa kuwa imeundwa kwa maelfu ya vipande vyembamba vilivyolala sambamba kama kili zilizoshonwa pamoja, fungu moja likielekea huku na jingine likikatiza. Ukiikaribisha machoni unakuta watu. Pierce alichora wakulima wakiongoza plau, wavunaji wameinama na miundu, ng'ombe wakichungwa, na wapanda farasi wenye mbwa wakifukuza paa. Baadhi ya njia alizozichora zingali zinapitika, na ni raha isiyo ya kawaida kuipinda kona ya mwaka 1635 kwa miguu yako mwenyewe na kuikuta mahali pake.

Aliyeagiza ramani hiyo, Sir William Courten, anastahili kutajwa kwa sababu anakitoa kijiji hiki katika upweke wa hadithi za vijijini. Hakuwa mkulima wala mwenyeji. Alikuwa mfanyabiashara tajiri wa London aliyekuwa amegharamia makazi ya kwanza ya Waingereza kisiwani Barbados miaka ya 1620, na mwaka uleule wa ramani alikuwa miongoni mwa walioanzisha kampuni ya kushindana na kampuni kongwe ya biashara ya Bahari ya Hindi. Alifariki mwaka 1636, lakini kampuni iliyobeba jina la ukoo wake iliendelea, na mwaka 1645 ilipeleka walowezi katika ghuba ya St Augustine, kusini magharibi mwa Madagascar, jaribio lililoporomoka kwa njaa, maradhi na ugomvi na wenyeji. Kwa hiyo mtu aliyetaka kujua kila ukanda wa Laxton una upana gani na unalipa kodi kiasi gani alikuwa na jicho moja kwenye shamba la Nottinghamshire na jicho jingine ng'ambo ya bahari. Upimaji wa ardhi haukuwa jambo la udadisi; ulikuwa hatua ya kwanza ya mwenye mali mpya kujua amenunua nini.

Ngome iko kaskazini mwa kijiji, na nitaipitia upesi. Ni kilima kikubwa cha udongo kilichorundikwa kwa mikono baada ya Wanormani kuiteka Uingereza, pamoja na boma lake la chini na mahandaki. Mbao na mawe yaliyokuwa juu yamekwisha, lakini udongo umebaki vizuri kuliko wa ngome nyingine yoyote ya aina hiyo katika kaunti. Kitabu cha hesabu ya ardhi cha mwaka 1086 kinamtaja Geoffrey Alselin kuwa ndiye bwana wa hapa, akiwa amerithishwa na mfalme mali ya mtu wa zamani aliyeitwa Tochi. Baadaye mabwana wa Laxton walikuwa pia walinzi wa msitu wa Sherwood kwa niaba ya mfalme, jambo linaloeleza ukubwa wa ngome usiolingana na udogo wa kijiji. Panda juu kwa ajili ya mandhari ya mashamba, kisha shuka. Kanisa la Malaika Mkuu Mikaeli lina makaburi ya mabwana hao yenye sanamu zao zilizolazwa, na wapenzi wa sanaa ya mawe watakaa humo muda mrefu kuliko nilivyokaa mimi.

Kinachoipa Laxton uzito wake wa kweli ni baraza, ambalo jina lake rasmi ni Court Leet. Kila mwaka, Alhamisi ya mwisho ya Novemba, jopo la wakulima walioapishwa huzunguka katika shamba lililopandwa ngano ya majira ya baridi. Wanakagua kama kuna aliyelima hadi akaingia njia ya wote, aliyeimega sehemu ya majani, au aliyehamisha mpaka wake hatua moja ndani ya ukanda wa jirani, na palipo na shaka wanapigilia vigingi vya mbao. Sehemu ya safari hiyo siku hizi hufanywa kwenye tela la trekta, kwa kuwa Novemba ya huko haina huruma. Wiki inayofuata baraza lenyewe hukutana Dovecote Inn mbele ya msimamizi anayejua sheria. Majina ya wanaopaswa kuhudhuria huitwa, wasiofika bila udhuru hutozwa pensi chache, makosa yaliyoonekana shambani husomwa na faini hukatwa, na jopo la mwaka ujao huapishwa ili likague shamba ambalo zamu yake ya ngano itakuwa imefika. Faini zenyewe ni ndogo. Uchungu wake ni kusomwa kosa lako kwa sauti mbele ya watu mnaokunywa nao baa hiyohiyo mwaka mzima.

Mtu anaweza kudhani kwamba hayo ni maigizo ya kuwafurahisha watalii, na ndivyo yalivyo katika miji kadhaa ya Uingereza ambako mabaraza ya aina hiyo yamebaki kwa ajili ya kofia, kengele na karamu. Laxton ni jambo jingine. Mwaka 1977 Bunge lilipitisha sheria iliyoyanyang'anya mabaraza hayo mamlaka yake ya kuhukumu, yakabakiwa na desturi tu. Baraza la Laxton ndilo lililoachiwa mamlaka yake, kwa sababu lilikuwa bado linafanya kazi liliyoundiwa. Hakuna askari wala wakili anayehitajika ili shamba lilindwe. Kuna watu wanaoyajua mashamba yale kwa miguu, wenye ukanda humohumo, na ambao mwaka mmoja wanakagua na mwaka mwingine wanakaguliwa.

Mgeni atauliza kwa nini hapa na si kwingine. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha zaidi ya sheria 5,200 za kugawa na kuzungushia uzio mashamba ya wazi na malisho ya pamoja, jumla ya ekari milioni 6.8, kiasi cha moja ya tano ya nchi. Kanda ziliunganishwa, miiba ikapandwa kuwa ua, na wale ambao haki yao ilikuwa ni kuchunga ng'ombe mmoja au kuokota kuni kwenye ardhi ya wote wakajikuta hawana chochote cha kuonyesha mbele ya kamishna. Ule mchoro wa mashamba ya mraba yenye ua wa kijani, ambao wengi wetu tunauchukulia kuwa ndio sura ya Uingereza ya tangu na tangu, ni matokeo ya kazi hiyo ya wanasheria na wapima ardhi. Laxton nayo ilikuwa njiani. Sehemu ya ardhi yake ilizungushiwa uzio katika karne ya 18. Lakini ardhi iliyobaki ilikuwa ya wenye mali wakubwa wawili, mwenye milki ya Thoresby na mwenye milki ya Rufford, ambao kanda zao zilikuwa zimechanganyikana na ambao walishindwa kwa muda mrefu kukubaliana namna ya kubadilishana. Walipofikia mahali pa kuelewana, faida ya kilimo ilikuwa imeshuka na gharama za uzio hazikuwa na maana tena. Kijiji kiliokoka kwa ukaidi wa matajiri wawili, jambo ambalo wasimulizi wa umoja wa wakulima wangependa kulipita kimya.

Mwaka 1952 Earl Manvers wa sita, mwenye mali ya Thoresby, aliiuza Laxton kwa Wizara ya Kilimo ya Uingereza, na Wizara iliinunua kwa makusudi ya kuuhifadhi mfumo wa kanda. Mwaka huo ninaomba msomaji kutoka Kenya auangalie mara ya pili. Oktoba 1952 ndipo serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari nchini Kenya, na miaka miwili baadaye, 1954, ukatolewa mpango unaojulikana kwa jina la Roger Swynnerton, ofisa wa kilimo, uliotaka vipande vya ardhi vilivyotawanyika katika nchi ya Wakikuyu vikusanywe kuwa shamba moja kwa kila mwenye ardhi, lipimwe, lizungushiwe mpaka na kupewa hatimiliki. Hoja ilikuwa kwamba utawanyiko ni ujinga wa kimila unaopoteza muda na kuzuia maendeleo. Lakini mkulima wa Nyeri au Murang'a alikuwa na sababu zake za kuwa na kipande juu ya mgongo wa mlima, kingine katikati ya mteremko na kingine bondeni karibu na mto, kwa kuwa mvua, baridi na udongo havifanani katika sehemu hizo tatu, na njaa ikipiga mahali pamoja haipigi pote. Ni hesabu ileile ya mkulima wa Laxton, kwenye jiografia nyingine. Kazi ya Kenya iliendeshwa upesi, wakati watu wengi walikuwa kambini au wamehamishiwa katika vijiji vya kulazimishwa, na katika wilaya iliyoitwa wakati huo Fort Hall ugawaji ulifanyika kwa dhuluma kiasi kwamba ilibidi urudiwe.

Kwamba dola moja ilitumia fedha za umma kulinda kanda zilizotawanyika za wakulima wake wa Nottinghamshire, na katika muda huohuo ikatumia nguvu kuzifuta kanda zilizotawanyika za wakulima wa Kenya ya kati, ni jambo ambalo halikunitoka kichwani tangu nilipozipanga tarehe hizo mbili kando kando. Sidai kwamba ofisi zilizohusika zilikuwa moja, wala kwamba kuunganisha mashamba hakukuwafaa baadhi ya Wakenya. Wapo waliopanda kahawa na chai na kusomesha watoto kwa mashamba hayo. Ninachosema ni kwamba kilichoitwa urithi mahali pamoja kiliitwa kikwazo mahali pengine, na mwenye kuamua jina hakuwa mkulima.

Ni haki pia kutoiona Laxton kama kitu kilichogandishwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 kanda zilipangwa upya na kupunguzwa idadi, zikawa pana kuliko za mwaka 1635, na bila hivyo trekta na mashine ya kuvunia zisingeweza kugeuka. Mifugo haiachiwi tena kula mabua kama zamani. Wakulima ni wapangaji ambao wana pia mashamba ya kawaida yenye uzio, na kanda za mashamba ya wazi ni sehemu tu ya riziki yao. Kupumzisha theluthi ya ardhi kila mwaka, wakati bei ya pembejeo inapanda, ni mzigo wanaoubeba wao, si sisi tunaokuja kustaajabu mwezi Juni. Halafu kuna suala la nani mwenye kijiji. Mwaka 1981 Wizara iliihamishia Laxton kwa makamishna wa mali za Taji, na mwaka 2020 ikauzwa kwa milki ya Thoresby, familia ileile ya Earl Manvers. Baraza linatawala mipaka, njia na zamu za mazao, lakini halimiliki ardhi, na mfumo huu unaosifiwa kwa usawa wake umekuwa salama kwa kadiri mwenye mali alivyopenda uwe salama. Ningependa mgeni aondoke akijua mambo yote mawili.

Kuhusu huduma zenyewe: kituo cha wageni ni kidogo, kimepakana na Dovecote Inn, na maelezo yake kuhusu mzunguko wa mazao, baraza na historia ya kijiji yanaeleweka kwa msomaji wa kawaida wa Kiingereza. Ushauri wangu ni kutembea kwanza na kusoma baadaye, kwa sababu michoro ya kanda ukutani haina maana kubwa kwa mtu ambaye hajaziona, na ina maana nyingi kwa aliyerudi na matope miguuni. Baa yenyewe ni ya kawaida kwa sifa zote nzuri za neno hilo, ya aina ambayo wakulima huingia na viatu vya kazi, na mgeni asiyekunywa pombe hatajisikia mpweke akiagiza chai au soda. Kitu cha kutazama humo ni chumba, si sahani. Nilikaa nikijaribu kuwafikiria watu wa jopo wamekusanyika baada ya kukagua, wakijadili nani amemega njia kwa upana wa kiatu.

Usafiri ndio sehemu ngumu. Treni hufika Newark kwa urahisi kutoka London au kaskazini, lakini kutoka hapo hadi kijijini mabasi ni ya kubahatisha, na asiye na gari afanye hesabu ya teksi au aungane na wenzake watatu wanne. Njia za mashambani ni za umma na hazina kiingilio, ila haziwafai wenye viti vya magurudumu wala vigari vya watoto, hasa kati ya Novemba na Machi. Viatu virefu vya mpira si anasa. Watoto wa umri wa shule watafurahia ngome na kilima chake kuliko mashamba, na mzazi asiwalazimishe vinginevyo.

Katika parokia hiyohiyo, nje kidogo ya kijiji, kuna kituo cha taifa cha kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, kilichofunguliwa mwaka 1995 na familia moja ya hapo. Ni mahali pa maana sana, chenye bustani ya waridi ya kumbukumbu na simulizi za walionusurika, lakini sishauri kukichanganya na mashamba kwa siku moja. Kila kimoja kinahitaji kichwa kitulivu, na kitakachotazamwa pili kitamezwa na cha kwanza.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza, aache gari karibu na Dovecote Inn, apande hadi kanisani na ngomeni asubuhi, kisha ashuke kuelekea West Field kabla jua halijawa kali na amalizie upande wa South Field, akiuliza kijijini ni shamba lipi limepumzishwa mwaka huo ili asilichukulie kuwa limetelekezwa. Anayetaka kuwaona wanajopo kazini achague Alhamisi ya mwisho ya Novemba, avae nguo za kutosha, na akae pembeni ya njia. Wale watu hawako pale kwa ajili ya wageni, na kigingi kinapopigiliwa kuna mtu amekosa hatua moja ya ardhi.